Nyuma ya Pazia la Magunia

Hoteli ya kijiji pale Nyakanazi ilikuwa na mlango mmoja tu, na mlangoni alikuwa amekaa mama mkwe wa Shibuda.

Hakukaa kando ya mlango. Alikaa mlangoni hasa, juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe kutoka Rulenge, mgongo ameuegemeza kwenye mwimo mmoja, miguu ameinyoosha kuelekea mwimo wa pili, na mapajani amempakata mtoto mchanga. Anayeingia anaomba radhi, anayetoka anaomba radhi, naye anakunja miguu kidogo, kisha anainyoosha tena. Mtoto yule alikuwa wa Shibuda. Shibuda alikuwa hajamtia machoni hata mara moja.

Yeye Shibuda alikuwa mwisho wa chumba, nyuma ya pazia la magunia, pale Dafroza mpishi anapooshea vyombo. Aliingia humo asubuhi kuweka furushi lake, blanketi moja na shati la kubadilishia, kwa sababu mchana lori la jeshi lilikuwa linakuja kuchukua mgambo na hakutaka vitu vyake vikanyagwe. Alipogeuka atoke, akasikia hodi ya kike, ya Kihangaza kabisa. Akachungulia kwenye tundu la gunia. Akarudi kinyumenyume mpaka akakalia karai la maji.

Dirisha lilikuwapo. Lakini jengo lile kabla ya kuwa hoteli lilikuwa duka la kijiji, na dirisha lilitiwa nondo wezi wasipite. Shibuda alizishika moja moja akazitikisa. Fundi aliyezitia hakuwa na mzaha.

Kwa asiyejua mambo ya huko, yalikuwa hivi. Mwanamume aliyeoa haonani uso kwa uso na mama wa mkewe, na mama huyo ndiyo kabisa asimwone akitafuna, mpaka njia ifunguliwe. Njia hufunguliwa kwa ng'ombe. Mkwe analeta dume, linachinjwa, kidari kinapikwa kando, mama anakila mbele ya watu, anafuta midomo, basi. Tangu siku hiyo wanaamkiana kama binadamu wengine. Wasukuma wa kina Shibuda walitoka na mwiko huo Shinyanga, na Wahangaza wa Rulenge walikuwa na wa kwao usiopishana nao sana, kwa hiyo siku ya posa pande mbili zilielewana juu ya ng'ombe upesi kuliko zilivyoelewana juu ya padri.

Na dume lilikuwapo. Jekundu, lenye baka jeupe begani, lililonenepeshwa kwa kazi hiyo. Halafu vita vikaanza. Kijiji kikaitwa mkutanoni, kila boma likaulizwa litatoa nini kwa ajili ya vijana wanaomfukuza nduli aliyevamia mpaka, na mzee Ndassa, baba yake Shibuda, akasimama akatoa dume lile lile, maana ng'ombe waliobaki walikuwa na mimba au mbavu tupu. "Nchi kwanza, mkwe baadaye!" alisema. Watu walipiga makofi.

Sasa hiyo baadaye ilikuwa imefika, imekaa mlangoni.

Dafroza aliingia nyuma ya pazia na sahani chafu kifuani. Alikuwa Msubi wa papo hapo wilayani Biharamulo, mjane mnene asiyemwonea mtu haya.

"Kijana, utakaa humu mpaka lini? Nataka kuosha."

"Nitaosha mimi, mama."

"Toka ukale! Kijiji kimesema leo mgambo na jamaa zao wale washibe, bure."

"Mama mkwe yuko mlangoni."

"Nimemwona. Nimemwamkia, ameitikia. Hajaniuma."

"Wewe hujamwoa binti yake."

Dafroza akacheka mpaka sahani zikagongana, akamwachia kitambaa na majivu ya kusugulia.

Huko mbele watu walikuwa wanakula. Bao refu lilikuwa limelazwa juu ya magogo kutoka karibu na mlango mpaka kwenye pazia, na juu ya bao masufuria na vyungu mfululizo: ndizi zilizochanganywa na maharage, mihogo, viazi vitamu, kisamvu, boga na majani yake, uyoga wa mvua za kwanza, na ugali wa mtama mwishoni. Nyama hapana. Samaki hapana, dagaa hapana, hata supu ya mfupa. Kila chenye kwato kilikuwa kimekwenda vitani, na waliokuwa wakihudumia wateja walikuwa wamekwenda pia, ndiyo maana Dafroza alikuwa anapika alfajiri, anavipanga, anaweka bakuli mwanzoni mwa bao, na kila mtu anajipakulia. Mwanzoni wanaume waliona ni kituko kushika upawa mbele ya wake zao. Wakazoea. Siku hiyo walikuwa wanarudia, wanaonja hiki wanaongeza kile, watoto wanagombea boga, akina mama wanawalisha vijana wao kwa macho.

Shibuda aliona yote hayo kupitia tundu la gunia. Aliona mgongo wa mkewe, Suzana, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la karibu na mlango, bakuli lake halijaguswa. Suzana alikwenda kwao kujifungua, kama ilivyo kwa mimba ya kwanza, na alikuwa hajarudi. Kando yake aliona ukingo wa khanga ya manjano mapajani mwa mama yake. Mara kwa mara khanga ile ilitikisika. Hicho ndicho alichokuwa nacho cha mwanawe: khanga inayotikisika.

Kanisani walishampa mtoto jina, Bonaventura. Lakini jina la kwa baba lilikuwa bado, na hilo halitumwi kwa mtu. Baba anamshika mtoto mwilini mwake, analitamka. Asipofanya hivyo mtoto ni wa kwa mama, atakulia Rulenge, na kesho na keshokutwa hakuna boma la Wasukuma litakalosema huyu ni wetu. Shibuda alikuwa anakwenda vitani jua likipinda. Hakuwa na siku nyingine ya kulitamka.

Ndassa akaja na bakuli la ndizi, akalipitisha chini ya pazia.

"Kula basi, mwanangu."

"Ataniona nikitafuna."

"Kuna gunia katikati!"

"Atanisikia."

Mzee akakuna kichwa. "Subiri. Mimi nitazungumza naye. Mimi na yeye hatuna shida, ni wazee tu."

Akaenda akachuchumaa mbele ya kile kigoda. Suzana akainamisha uso kumheshimu baba mkwe. Shibuda akabandika sikio kwenye gunia.

"Mama Protasi, habari za njiani?"

"Njema, mkwe. Tulipata lori la mahindi."

"Mjukuu ana afya."

"Ananyonya."

"Tunashukuru. Sasa Mama Protasi, muda wenyewe unauona. Mpe mama yake ampeleke kule nyuma mara moja, baba yake amshike."

Eustakia, ndiyo jina lake mama yule, aliitengeneza khanga ya mtoto bila haraka.

"Nyuma ya gunia?"

"Nyuma ya gunia."

"Mtoto haonyeshwi nyuma ya gunia kama mali ya wizi. Baba yake ana njia, na njia ina ng'ombe wake. Ng'ombe yuko wapi?"

"Unajua alipo. Askari wamemla huko Kyaka."

"Nasikia mlipigiwa makofi."

Suzana ndiye aliyesema, sauti ndogo, "Mama, jamani..."

"Wewe nyamaza. Wewe umeolewa, mimi sijachinjiwa."

Watu wawili watatu kwenye mabenchi waliinua macho, wakayarudisha kwenye bakuli. Gaspari, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwa Ndassa, naye mgambo wa lori lile lile, akapaza sauti kuelekea kwenye pazia: "Shibuda! Wanasema umepata kazi ya kuosha vyombo, huendi tena vitani!" Wakacheka. Shibuda akasugua sufuria moja mpaka akajiona ndani yake, amekunja sura kama mzee.

Ndassa alisimama pale katikati ya hoteli akiyatazama yale masufuria, moja baada ya jingine, kana kwamba ng'ombe angeweza kuwa amejificha chini ya kisamvu. Halafu uso ukamfunguka. Akatoka mbio, akiomba radhi mlangoni, mkongojo kwapani.

Aliporudi alizunguka nyuma ya jengo, akapitisha kitu kati ya nondo za dirisha. Kilikuwa jogoo, mweupe, mbawa zimefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Kuku hana kwato," Ndassa alinong'ona, anahema. "Hakuandikwa kwenye mchango. Nimembembeleza mama yake Gaspari mpaka nimechoka. Mwambie Dafroza apike upesi, apike vizuri, kidari akiweke kando!"

Shibuda alimnyonyoa mwenyewe. Manyoya yalikuwa yanamganda kwenye nywele, na moyoni alikuwa tayari amesimama mlangoni na mtoto mikononi. Dafroza alipewa jogoo aliyeshanyonyolewa, akaambiwa ni wa kina Ndassa, wana haraka. Hakuuliza zaidi, akakoleza moto wa nje. Harufu ikaingia hotelini. Shingo zikageuka zote.

"Kuna nyama!" Gaspari akaruka.

"Keti chini, si yako," Dafroza akamwambia. "Kale uyoga."

Kuku wa kienyeji haivi kwa kuambiwa. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kuteremka. Mama mkwe alimnyonyesha mtoto kwa kumpa mama yake, akampokea tena, akampigapiga mgongoni, akamrudisha mapajani. Hakusogeza kigoda hata kidogo. Kila mara mtoto alipokwenda kwa Suzana, Suzana aligeuka kidogo kuelekea kwenye pazia ili khanga ionekane vizuri. Alikuwa anajua kuna jicho kwenye tundu. Lakini kunyanyuka naye hakuthubutu. Mkono wa mama yake ulikuwa juu ya goti lake muda wote.

Hatimaye kidari kikaiva. Ndassa alikibeba kwa mikono miwili, bakuli zuri lenye maua ya bluu, akaenda nalo taratibu katikati ya mabenchi. Akapiga goti. Akaliweka mbele ya miguu ya Eustakia.

"Mama Protasi. Mkwe wako anakufungulia njia."

Eustakia alifunua. Akatazama ndani.

Nyuma ya pazia Dafroza alimshika Shibuda mkono, kucha zikamwingia. "Mungu wangu. Ni wa mama mkwe?"

"Wa nani mwingine?"

"Nilidhani mnakula wenyewe! Mama wa umri ule, wa Rulenge, mnampa kuku?"

Hapo ndipo Shibuda alipoelewa. Kwa wazee wa kule mwanamke hali kuku. Wamebatizwa, wanakwenda misa, rozari shingoni, lakini kuku hapiti mdomoni. Msichana anafundishwa hilo kabla hajafundishwa ishara ya msalaba, na mwanaume anayemwekea mwanamke kuku ni kama amemwambia hana kwao. Bomani kwa Ndassa wanawake walikuwa wanakula kuku tangu mwalimu wa kisomo cha watu wazima alipowaambia wajawazito wamle, anaongeza damu. Mzee alikuwa ameshasahau kwamba kuna watu wasiokula. Na Suzana, alipokuwa kwake Shibuda, akipewa kuku alikuwa anasema ameshiba.

"Mzee Ndassa," Eustakia alisema. Hakupandisha sauti. "Unanipa kuku?"

"Mama Protasi, ni nyama! Ndiyo nyama pekee Nyakanazi nzima..."

"Mbele ya binti yangu. Mbele ya watu wanaokula." Akafunika bakuli, akalisogeza kwa ncha ya kidole, kama mtu anavyosogeza kisu. "Ng'ombe wangu mmeipa serikali, nikanyamaza. Leo mnaniletea kuku. Suzana, chukua kikapu. Lori la mahindi linarudi jioni."

Akasimama, akamtupa mtoto mgongoni, akaanza kufunga khanga. Ndassa alibaki amepiga goti, mikono mitupu. Suzana hakuchukua kikapu. Hakusimama pia. Alilia kimya kimya, machozi yanadondokea ndizi.

Na papo hapo honi ikalia barabarani, ndefu.

"Lori!" Gaspari alipiga kelele kutoka nje. "Mgambo, lori! Shibuda, toka!"

Watu walisukumana kutoka. Mabenchi yakaanguka. Shibuda alizunguka katika kile kichumba mara moja kama ng'ombe aliyeingizwa kwenye josho. Mbele kuna mkwe, nyuma kuna nondo. Kutokea mbele ya uso wa mama yule bila njia ni kumwaga alichobakiwa nacho chote. Mtoto na mkewe wangekwenda Rulenge na wasirudi. Kubaki ni kuitwa mtoro wa vita. Akalivuta blanketi kwenye furushi. Akajitupia kichwani, akaliburuta likafika kifuani, uso wote ukawa giza.

"Dafroza, nifungulie pazia."

"Utaanguka, mtoto wa watu!"

"Nifungulie."

Akatoka hivyo, kipofu, kwa kulipapasa bao. Alikuwa amelitazama kutwa nzima, alilijua. Hapa ugali. Hapa uyoga. Hapa majani ya boga, sufuria tupu, hapa boga lenyewe. Alipofika kwenye kisamvu ambacho Dafroza alikuwa ametoka kukipasha moto na kukirudisha baoni, kiganja kizima kikatua ubavuni mwa sufuria. Watu waliobaki wakasikia ngozi inavyoungua. Yeye hakutoa sauti, maana mama mkwe hapaswi kumsikia akilia kama asivyopaswa kumsikia akitafuna. Aliuvuta mkono, akaendelea kwa mkono wa pili: viazi, mihogo, ndizi, mwisho wa bao.

Mlango ulikuwa mbele yake. Aliusikia kwa upepo. Akageuka, akaupa mlango kisogo. Akapiga magoti hapo, mgongo kwa mama mkwe, akainama mpaka kichwa kilichofunikwa kikakaribia sakafu.

Hakuomba. Hakuna maneno ambayo mkwe anaruhusiwa kumwambia mkwe. Alitoa mgongo tu.

Honi ililia tena.

"Mzee Ndassa," Eustakia alisema, anamwambia mzee kwa sababu mtu aliye miguuni pake hawezi kuambiwa. "Protasi, mwanangu, alipochukuliwa na lori la jeshi mimi nilikuwa shambani. Nilikimbia. Nilikuta vumbi."

"Tulisikia, mama."

"Mpaka leo hakuna habari. Mwambie huyu mwanao kwamba nikibaki na huyu mdogo nina mwanaume nyumbani. Akishatajwa jina la kwenu, nina nini?"

Shibuda hakuona kitu. Alisikia khanga inafunguliwa. Alisikia pumzi fupi za mama mtu mzima anayeinama. Halafu uzito ukashuka juu ya mgongo wake, uzito mdogo, wa joto, unaojikunja na kujinyoosha kama kitu kinachotafuta mahali pake.

"Suzana, mfunge," Eustakia alisema. "Mimi simgusi."

Mikono ya mkewe ikapita kwapani mwake, ikavuta khanga, ikafunga fundo kifuani. Mikono ilikaa pale juu ya fundo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mwanaume amebebeshwa mtoto mgongoni, ameinama katikati ya hoteli na blanketi kichwani. Siku nyingine Nyakanazi ingecheka mwaka mzima. Hakuna aliyecheka.

"Wewe ni Ndassa," Shibuda alisema ndani ya blanketi. "Ndassa wa Shibuda."

Mtoto akapiga chafya. Mzee Ndassa akageukia ukutani.

"Shibuda!" Gaspari alikuwa anaita. "Wanasema wanaondoka!"

Suzana akafungua fundo. Uzito ukanyanyuka, na mahali ulipokuwa pakabaki penyewe.

"Mzee Ndassa," Eustakia alisema, ameshakalia tena kigoda chake, sauti imekauka, "mwambie njia haijafunguliwa bado. Kwa kuku haifunguki, na kwa blanketi haifunguki. Aje aifungue yeye kwa mikono yake. Mtu mwingine akiniletea ng'ombe huyo sitampokea, hata awe nani."

Kisha akakunja miguu yake, akaikunja yote, Shibuda apite.

Walimpandisha lorini akiwa bado amefunikwa, Gaspari akimvuta kwa mkono ulioungua bila kujua. Alipovua blanketi lori lilikuwa limeshaipita njia panda. Alitazama nyuma. Kulikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi mlango, na mlangoni kitu cha manjano, ambacho kwa umbali ule hangeweza kusema ni nani amekibeba.

Ndipo aliposikia ubaridi mgongoni. Shati lilikuwa limelowa kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Mtoto alikuwa amemkojolea.

Lori lilikimbia kuelekea Biharamulo, wanaume wamesimama wamebanana, upepo unapiga, jua la mchana kali. Shibuda akalitwaa blanketi lake akajizungushia mgongoni, juu ya pale palipolowa, akalikaza kwa mkono mzima.

"Jua lote hili unajifunika?" Gaspari alimwuliza. "Una homa, au ndiyo woga?"

"Upepo," alisema Shibuda. "Utanikausha."